Mushindi Njo Anabeba Sac

Batu ya Bunia, leo nakuja na hasira. Munisamehe kwanza, kisha munisikilize.

Mulishaona mutu anashinda mapigano, halafu anafukuzwa na mwiko?

Njo mimi, Arlette wa Mudzipela.

Ile siku nilimuangusha Clémence kwa tatami, ile mukeka ya judo, mugongo yote chini, paf! Batu bakapiga makofi. Mimi naruka-ruka kama mbuzi. Kugeuka, naona Maître Rachidi, mwalimu yetu wa judo, ananionyesha sac ya Clémence, mufuko yake ya mugongoni, na kidole.

"Arlette, unajua sheria."

Sheria yake ni hii. Ukiangusha mutu, unabeba sac yake, unamusindikiza kwa miguu mupaka kwao. Unapiga hodi. Unaambia mama yake: "Mama, leo nimemuangusha mutoto yako. Nimemurudisha muzima."

Ukisha toka pale, unafunga kinywa. Habari ya kuanguka ni ya mwenye kuanguka. Akitaka, yeye njo ataisema. Weye mushindi, hapana.

Basi, nikapiga hodi, nikasema. Mama ya Clémence akatoka jikoni na mwiko, mboga ya sombe inadondoka.

"Unaniletea matusi mupaka kwangu?"

Nilikimbia! Kufika barabarani, naona sac ya Clémence ingali mugongoni mwangu. Ikabidi nirudi. Mama akacheka mupaka akaketi chini, akanipa bugali. Tangu pale mimi na Clémence tunagawana ata chumvi.

Shida haikutoka kwa ile mwiko. Ilitoka kwetu.

Papa yangu, Papa Gaspard, njo prezida ya komite ya bazazi ya banafunzi. Kusikia mutoto yake alibeba sac ya mutu mwenye yeye njo alimushinda, akawaka moto.

"Mushindi anakuwa boyi? Huyu Rachidi anafundisha batoto unyonge! Tumutoe, tulete mwalimu wa kufundisha kushinda."

Akaita mukutano pale pale kwa salle yetu ya mazoezi. Siye banafunzi tukasimama kwa ukuta, roho juu. Iko batoto pale, tangu vita bazazi yao habasalimiane. Mahali banakutania ni kwa tatami, na kwa ile njia ya kurudi na sac. Maître akitoka, ile njia imekufa.

Papa akasimama. "Nani hapa alishaona mushindi anabeba sac ya mutu alimuangusha? Nani?"

Maître Rachidi anaangalia mikono yake tu.

Nikamusogelea. "Maître, sema basi! Jitetee!"

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Haiko habari yangu."

Nilikasirika mupaka machozi. Nikajikuta niko katikati ya salle.

"Papa, utanigombeza nyumbani, lakini hapa nasema. Kuangusha mutu, ata ng'ombe anaweza! Kwenda kwao, kuangalia mama yake machoni, weye unaweza?"

"Nyamaza, Arlette!"

"Asinyamaze. Mujibu."

Sauti ilitoka mulangoni. Ni Koko Joséphine, mama ya Papa. Alikuwa amepita kutuchungulia, fimbo mukononi.

"Mama, hii ni mambo ya komite."

"Komite gani? Unauliza nani aliona. Mimi niliona! Nani alikurudisha nyumbani ile siku ya ujana yako, unalia, suruali imepasuka matakoni?"

Salle nzima: "Eeeeh!"

"Kijana mwembamba alipiga hodi, sac yako mugongoni. Akasema: Mama, leo nimemuangusha mutoto yako. Nimemurudisha muzima. Nikamupa maziwa, akakunywa." Akanyoosha fimbo. "Huyu hapa."

Maître Rachidi!

Na Papa yangu, batu yangu, maisha yote alituimbia kwamba hakuna mutu alishagusisha mugongo yake chini!

Akamuangalia Maître.

"Rachidi... miaka yote hii, hata leo tunakufukuza, haukusema?"

"Haikuwa yangu ya kusema."

Papa akageukia bazazi, akasema kwa sauti: "Ni kweli. Aliniangusha. Na alinirudisha."

Habari ya kumutoa Maître ikaishia pale. Batu banaanza kuinuka, Maître akaokota sac ya Papa, ile ya makaratasi ya komite, chini ya meza. Nikazani ataibeba. Wapi! Akamupelekea Koko.

"Mama, leo ni weye umemuangusha. Unajua sheria."

Papa akaruka. "Hapana, Mama, weye ni muzee!"

"Acha! Sheria ni sheria."

Koko akaivaa mugongoni. Tukapita naye Mudzipela yote, prezida anatembea nyuma, batu ya pikipiki banapiga honi. Kufika kwetu, Koko akapiga hodi kwa mulango yake mwenyewe.

Basi, weye mwenye unaandika maoni huko chini ya hii posti kwamba Maître Rachidi anafundisha unyonge: umeshabeba sac ya nani? Wakubwa banasema asiyekubali kushindwa si mushindani. Maître wangu anaongeza: na asiyejua kumurudisha mutu kwao, bado hajashinda.

Na mwenye atauliza mbona natangaza habari ya kuanguka ya batu bengine: Clémence amekubali. Papa njo aliniambia, "Andika." Ameketi hapa pembeni yangu, anasoma. Ananiomba nitoe ile ya suruali.

Sitoi.