Mipira Yenye Jina la Bibi

Harufu ya kabichi iliyoanza kuoza, ikichanganyika na dizeli, inanipandisha hasira mpaka leo. Najua si haki, maana kabichi haijamkosea mtu. Ndiyo harufu iliyojaa uani kwetu Mgeta Jumamosi moja ya msimu wa baridi, nilipokuwa darasa la tano. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jiko, na matone yalidondoka kwenye bati kama mtu anayehesabu bila kujua anahesabu nini. Matenga ya kabichi yalipangwa ukutani, yamefunikwa magunia yaliyolowa. Mama alikuwa amevuna tangu jana yake, kwa sababu lori la kwenda Dar lilikuwa linapakia huko chini jioni ile. Kazi ya baba ilikuwa moja tu: kuyapakia matenga kwenye pikapu yake na kuyateremsha. Badala yake alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje, akipambana kuing'oa mipira ya tope.

Nieleze mipira yenyewe, maana bila hivyo hasira zangu zitaonekana za kitoto. Ni ile mipira inayoning'inia nyuma ya matairi ili tope lisirukie watu. Hii ya kwetu ilikuwa ya lori, mirefu na mizito kuliko pikapu yenyewe ilivyostahili, na aliileta Mjomba Deo, kaka yake mama, anayeishi Morogoro mjini. Bibi Helena, mama yao, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mjomba akaona vyema kila mtu njiani asome jina lake. Akampa fundi wa maandishi, akaandika kwa rangi nyeupe: mpira wa kushoto BIBI, wa kulia HELENA. Akaja nayo, akaifunga mwenyewe, akaita majirani watazame. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba pia, na mjomba ndiye msemaji. Baba alitoka Kingolwira akaja kuoa, akajenga nyumba yake kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Tangu nipate akili, sikumbuki jambo lililoamuliwa nyumbani bila mtu kuuliza kwanza, mjomba amesemaje? Niseme ukweli, mjomba hakuwa mtu mbaya. Alitupenda. Lakini kupendwa na mtu anayeamua kila kitu nako kunachosha.

Sababu aliyoitoa baba ilikuwa bampa. Wiki hiyo alipokuwa akirudi kinyumenyume kwenye kona yetu, tairi lilikanyaga mpira, mpira ukavuta bampa upande wa kushoto, likapinda. Hiyo ilikuwa kweli, nililiona. Sababu nyingine hakuitaja, lakini nadhani ilikuwepo. Kila alipopita, Mzee Thadei jirani yetu alisimama kando ya njia, akavua kofia na kuliamkia gari: "Shikamoo, Bibi Helena!" Na baba, mwanaume mzima mwenye ndevu, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Asubuhi ile alimwambia mama, si kwa kufoka, na hilo ndilo lililonitisha: "Mama Skola, nikikatazwa hata kutoa mpira kwenye gari nililonunua mwenyewe, basi mimi narudi kwa mama yangu Kingolwira. Nitajua kwamba hapa nimepanga chumba tu." Mama alikwenda kugeuza matenga. Mimi niliogopa, kwa sababu nilijua wanaume wawili wa kijijini kwetu waliowahi kusema maneno hayohayo, na wote waliondoka.

Basi baba akaanza na upande wa bampa lililopinda. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizimwagia dizeli, akagonga, akanung'unika, akagonga tena. Kila aliyepita njiani alikuwa na ushauri, na hakuna aliyekuwa na spana. Mmoja alisema gonga kwa juu, mwingine akasema ukigonga kwa juu umekwisha. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwetu milimani hatuna chombo, lakini siku ile niliwaelewa. Mkono wa baba haukuenea nyuma ya bodi, kwa hiyo akaniita mimi niingie chini nishike nati kwa spana huku yeye akizungusha bolti. Tope la baridi lilipenya gauni mpaka mgongoni. Hatimaye bolti ya mwisho ya kushoto ikakatika, mpira ukaanguka, baba akashangilia. Furaha yake ilidumu mpaka Mzee Thadei alipozunguka nyuma ya gari.

"Haa! Shemeji yetu," alisema, mikono kiunoni. "Umemwondoa Bibi, umebaki na Helena mtupu? Yaani mkwe wako unamtaja jina hivihivi, barabarani, tena kwa herufi kubwa?"

Watu wakacheka mpaka wakashika ua. Baba alikuja nyuma akatazama, na nikauona uso wake ukibadilika. Kwetu mkwe hatajwi jina. Mwanaume anaweza kuishi miaka hamsini na mama mkwe wake na jina hilo lisitoke mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya. Na sasa gari lake lilikuwa linalitaja peke yake, bila heshima yoyote mbele. Angeanza na upande wa kulia, angebaki na BIBI, na hakuna ambaye angekasirika. Hakufikiri, na mimi pia sikufikiri, ingawa nilijua kusoma. Gari halikuweza kutoka vile. Kurudisha kulishindikana, bolti imekatika. Ikabidi atoe na wa pili, haraka, na wa pili ndio ulikuwa umeshikana kama jiwe na jiwe.

Nilikuwa chini tena, spana kwenye nati, niliposikia watu wanampisha mtu njia. Nikaona viatu vya mjini, vyeusi, vinakanyaga tope kwa uangalifu. Sijui nani alimpelekea habari, au alikuja tu kama alivyokuja Jumamosi nyingi. Nikaamkia nikiwa hukohuko chini, "Shikamoo mjomba," kwa sababu adabu ni adabu. Alizunguka nyuma ya gari, akasimama mbele ya HELENA.

"Skola, mwanangu," akasema, "achia hiyo spana. Toka chini."

"Skola," akasema baba, "shika."

Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tulivyofundishwa. Walikuwepo wazee, na neno lilikuwa linaharibika juu ya kichwa changu. Nikiachia, nati itazunguka na bolti, kazi itakufa, na baba atakwenda Kingolwira. Nikishika, nimemvunjia mjomba heshima mbele ya kijiji. Niliendelea kushika. Ningependa kusema nilimchagua baba, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na sina hakika kama vingefunguka. Bolti ililia, ikazunguka, mpira ukaniangukia tumboni.

Mjomba aliinama akauchukua. Akaufuta kwa sweta lake mwenyewe.

"Shemeji," alisema baba, akihema, "jina la mama lilikuwa linaburuta kwenye tope kila siku. Wewe uko mjini, huoni. Mimi naliona."

"Ungesema hivyo mapema."

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza," akasema mjomba. Akauokota na ule wa kwanza, akampa mama yote miwili. Kisha akavua viatu vyake, akakunja suruali na kubeba tenga la kwanza. Tulipofika chini lori lilikuwa limeshaondoka. Tulikula kabichi mpaka ng'ombe wa jirani wakatuonea huruma. Lakini baba hakuondoka. Mpaka leo yuko Mgeta, na hadithi hii akiisimulia, anasema lilikuwa wazo lake tangu mwanzo kuanza na upande wa kushoto.

Mimi sasa naishi mjini, Kihonda, nina kigari changu. Juzi plastiki za kuzuia tope zilipasuka, zikawa zinagongagonga, nikazitoa mwenyewe uani kwa bisibisi, chai yangu haijapoa. Kabla sijaanza nilimpigia kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa wanangu, nikamwambia ninachotaka kufanya. Nahisi nilitaka anikataze kidogo. "Toa tu, dada," akasema, sauti ya mtu aliye na kazi nyingi. "Kwani si gari lako?" Ni kweli, ni gari langu. Nilikata simu nikiwa na hasira, na mpaka ninapoandika haya sijaweza kumweleza amekosea wapi.