Kuku Waliojua Sauti ya Shangazi

Milango yote ya vizimba ilikuwa wazi, na hakuna kuku hata mmoja aliyetoka.

Sikutanii. Banda zima la kuku wa mayai, safu kwa safu, maranda mapya yamemwagwa chini, jua linaingia. Wao kimya. Wamebanana vile vile kama vile milango bado imefungwa.

Bosi wetu alishika kiuno. "Hawa wana kichaa?"

"Hawana kichaa," shangazi yangu akamjibu. "Hawajui kama kuna nje."

Shangazi ndiye aliyenitafutia kazi pale. Yeye aliokota mayai na kutoa kuku waliokufa, mimi napanga mayai kwenye trei. Miaka yote alikuwa akimsumbua Bosi awape wale ndege nafasi, angalau waweze kukunjua mabawa.

Bosi alikuwa anacheka tu. "Mama, hii ni biashara, siyo kituo cha yatima."

Halafu mnunuzi wetu mkubwa akasema hataki tena mayai ya kuku wa vizimbani, na atakuja kukagua. Ghafla Bosi akawa mpenda wanyama, akaamuru milango yote ya vizimba ifunguliwe.

"Niachie mimi," Shangazi akasema.

Alimtoa kuku mmoja mmoja, kamkumbatia kifuani, anamweka chini taratibu. Mifupa yao ilikuwa dhaifu, wengine hata kusimama hawawezi. Kutwa nzima yuko kapiga magoti. Akirudi nyumbani ana manyoya kichwani, tunamcheka, na yeye anacheka.

Akawafundisha kumfuata. Anagonga ndoo ya chakula, anaita kwa sauti ile ile aliyotuitia sisi tukiwa wadogo: "Njooni wanangu, njooni!"

Wa kwanza kumfuata alikuwa Kipara. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja kwa kusuguana na waya. Alichechemea mpaka uani, akajilaza vumbini, akaanza kujigaragaza.

Shangazi alilia, mtu mzima, mbele za watu.

"Hili hakufundishwa na mtu," akaniambia. "Alikuwa nalo ndani siku zote."

Siku ya wageni, pale palikuwa kama harusini. Shangazi anaita, kuku wote mbio nyuma yake mpaka uani. Wageni wakapiga picha. Bosi naye katoa simu, anarekodi, meno yote nje. Mkataba ukasainiwa.

Kesho yake asubuhi Bosi akatukuta uani na kuku wetu.

"Warudisheni kwenye vizimba."

Tulidhani anatania.

"Nataka kuongeza wengine, chini hawaenei. Na mayai yanachafuka. Mama, waite, wewe ndiye wanayekusikia."

Shangazi akaweka ndoo chini. "Siwaiti."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

"Siwaiti, baba. Nifukuze."

Jamani, nilijivunia. Mshahara wake ndio ulikuwa unalisha nyumba yetu, na bado nilijivunia.

Bosi akachukua ndoo, akagonga mwenyewe, akaita mpaka koo likakauka. Kuku wakamkimbia. Akawafukuza huku na huku, akateleza kwenye kinyesi, chali! Tukageukia ukutani kuficha kicheko. Moyoni nikasema, tumeshinda.

Akainuka, akajifuta, akaingia bandani. Mle ndani kulikuwa na spika ya redio. Akaiunganisha na simu yake.

"Njooni wanangu, njooni!"

Ilikuwa sauti ya Shangazi, kutoka kwenye video ya jana. Mpaka mlio wa ndoo ulisikika.

Kuku wote wakageuka kwa pamoja.

"Msiende!" Shangazi akapiga kelele. "Msiende jamani, msiende!"

Lakini neno hilo hakuwahi kuwafundisha.

Waliingia mbio, wanakanyagana kwa furaha. Kipara alikuwa wa mwisho kwa sababu ya ule mguu wake. Shangazi alijaribu kumdaka akamkosa. Mlango wa banda ukafungwa, tukaanza kusikia vizimba vikibanwa kimoja kimoja.

Shangazi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Siku hizi anauza mboga mbele ya nyumba, na wateja wanampenda. Ila hamwiti mtu tena kwa sauti. Wajukuu wakiwa mbali, anainuka na magoti yake mabovu, anawafuata mpaka walipo, anawagusa bega.

Picha yake ya siku ile ya wageni bado iko kwenye makasha ya mayai yale. Anacheka, kuku wamemzunguka, Kipara yuko miguuni pake. Nikiiona dukani huwa nalia bila aibu.

Ndugu yangu unayenunua mayai, picha ile siyo ya uongo. Jua lilikuwepo, na kuku walikuwa nje kweli. Wewe uliza leo wako wapi, na wakikuonyesha picha usikubali. Nenda ukawaone mwenyewe, na usimwambie mtu kwamba unakuja.