Kilomita Mbili za Kwenda Wapi?

Mpimaji wa ardhi niliyefanya naye kazi miaka ya vijiji vya ujamaa amefariki dunia, na Jumamosi tulimzika nyumbani kwake Hamugembe. Wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa na kosa, nami sikuzoea kuacha kosa katika kumbukumbu. Ulisema kwamba marehemu "aliwahi kukosea kipimo huko Kimwani, akasamehewa." Hakukosea. Wala hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumsamehe.

Huyu alikuwa mtu wa kulinganisha mnyororo wake wa kupimia kila asubuhi na vigingi viwili alivyovipigilia nyuma ya ofisi. Chuma hurefuka kwa kuvutwa, alisema, na mpimaji asiyejua hilo hudanganya kwa moyo safi. Aliponiletea rasimu ya mahali pa kujenga kijiji kipya, aliandika: kilomita mbili kutoka shuleni. Kisha, pembeni, kwa penseli: kaskazini, upande wa mlimani. Fomu ilikuwa na nafasi ya umbali tu. Mimi, karani, nilipiga chapa nakala safi nikayaacha maneno ya pembeni, maana nilifundishwa kwamba pembeni si mahali pa maandishi rasmi. Na alikuwa amekwisha kunionya: "Ndugu Karani, ukiniuliza debe lina lita ngapi, namba inatosha. Ukiniuliza nyumba iko wapi, namba peke yake haijasema kitu." Leo watoto hufundishwa skala na vekta darasani, namba tupu na namba yenye upande. Sisi tulikuwa na mihuri.

Siku ya kuhamia, malori yalishusha vitanda, kuku na miche ya migomba kilomita mbili kamili kutoka shuleni, lakini kusini, bondeni. Marehemu alifika kwa baiskeli, akasimama mbele ya lori la mwisho.

"Si hapa!"

"Hati inasema kilomita mbili," akajibu afisa msimamizi. "Tumezipima. Au mnyororo wako una kilomita zake?"

"Mbili za kwenda wapi?"

"Eti kilomita nayo ina upande!" dereva akadakia. "Huyu jua limemwingia." Watu wakacheka.

Bibi mmoja aliyeketi juu ya godoro lake hakucheka. "Waitu, ndugu zangu, mbona hapa pana matete? Matete hayaoti pakavu."

"Yatafyekwa, bibi," afisa akasema.

Marehemu akanigeukia. "Ndugu Karani, pembeni niliandika nini?"

Rasimu ilikuwa ndani ya jalada nililolishika mkononi. Afisa alinikazia macho. Nikasema, "Hati ndiyo hiyo, ina muhuri."

Masika yalipoanza, maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda siku tatu, kimya, kati ya matete yaliyofyekwa na kuota tena. Wenye miguu walikimbilia mlimani, kaskazini, pale pale mpimaji alipopigilia vigingi vya kijiji. Bibi yule hakuwa na miguu ya kukimbia. Kisha akatafutwa mkosaji, akapatikana mpimaji, akahamishiwa stoo. Barua ya kumhamisha niliipiga chapa mimi.

Jana nilimpelekea mjane wake rasimu ile. Penseli bado inasomeka. Aliisoma taratibu, akaikunja. "Asante, baba. Kwake umefika, ingawa umechelewa. Na kwa yule bibi, utapeleka karatasi gani?"

Karatasi niliyo nayo ni hii tu. Nawaandikia wanaoshika kalamu za ofisi leo: namba ile ilikuwa sahihi, na iliua, kwa sababu aliyejua upande wake alinyamaza.