Barafu ya Macho ya Nduta

Nduta wa mtaa wa Munyaka hakuwa mtu wa kulia. Alimzika mumewe bila chozi, akarudi kwenye mashine yake kufuma masweta ya wanafunzi. Kwa hiyo mwaka wa themanini na tisa, dawa ya saratani aliyotundikiwa hospitalini ilipoanza kumtoa machozi kutwa kucha, mtaa mzima uliamua kwamba amekata tamaa. Kina mama wa kanisa walimletea sukari, wakamwimbia nyimbo za matanga.

"Silii!" alifoka. "Ni dawa!"

Wakazidisha sauti. Mtu wa kanisa hasikii akishaanza kufariji.

Nduta hakuogopa kifo. Aliogopea macho, maana sindano za mashine hakuziona tena, na bila mashine angekula nini?

Nesi Jemutai alimshauri aweke barafu juu ya macho aliyofumba wakati dawa inaingia. Baridi hukaza mishipa, dawa isifike machoni kwa wingi. Wahu, wifi yake, akatumwa kwa Kiprono wa bucha, mwenye friza.

Sasa, sisi wa Eldoret tunajulikana. Mtoto akikohoa ni baridi, mzee akiumwa goti ni baridi. Wahu aliitazama ile barafu, akaona hawa watu wanataka kumuua mgonjwa. Akapitia kwake kwanza. Jemutai alipofungua mfuko, alikuta maji vuguvugu yanayonuka matumbo.

"Mama, barafu iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo? Nimeipasha tu kidogo kwa jiko, isimwingie kifua."

Nduta alicheka mpaka dripu ikataka kuchomoka.

Tangu siku hiyo Jemutai alimwamuru Wahu aishike barafu mwenyewe. Wahu aliketi ndani ya makoti mawili, amemrundikia Nduta mablanketi, akaikandamiza machoni pake huku meno yakigongana na sala zikimtoka kwa sauti. Polepole machozi yakapungua.

Asubuhi moja Wahu alivua makoti, na Nduta akaiona vizuri sweta aliyomfumia macho yakiwa mabovu. Mkono mmoja uliishia kwenye kiwiko, mwingine ulimeza vidole.

"Wahu! Umekuwa ukivaa hii?"

"Kila siku."

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani. Niliwaambia ni fasheni ya Nairobi."

"Toa haraka, niifumue!"

Wahu alijikumbatia kifua.

"Mimi sitoi. Ulinitengenezea hii ukiwa huoni."