Fuko, Mbwa wa Mektilda wa Kibosho

Mektilda aliteremka kutoka Kibosho mwaka 1919 kumtafuta mumewe. Aristides alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na mwenzake mmoja aliyerudi salama alisema alimwacha Dar es Salaam, katika kambi ya wapagazi, akiumwa homa na kuhara damu. Hakusema amekufa. Mektilda alilishikilia neno hilo. Alipofika alikuta kambi imebaki uwanja wenye majivu na vigingi, na karani mmoja alimfungulia daftari, akapitisha kidole kurasa tatu, akasema jina hilo halimo.

"Halimo kati ya waliokufa?" aliuliza.

"Halimo popote, mama."

Angeweza kurudi. Lakini nyumbani shemeji yake alikuwa ameshaanza kulima kihamba cha Aristides, shamba la migomba alilorithi, na kurudi bila habari kungekuwa ni kukubali kwamba mtu amekwisha. Akakaa. Kwanza alifua nguo za watu, kisha akawapikia uji mafundi wa reli wa Gerezani. Uwanja ule ulipogeuzwa soko na watu wakauita Kariakoo, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kutandika gunia pale na kumwaga maharage. Mtoto hakujaliwa. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya Bwana Humoud, Mwarabu mzaliwa wa hapahapa mjini, aliyekuwa na duka la nafaka mbele na ghala ubavuni. Alipoumwa malaria, mke wa Humoud, Bi Fakhriya, ndiye aliyemletea uji na kumkanda.

Mbwa alimpata Gerezani mwaka 1926, kwa mzee mmoja Mluguru aliyeitwa Anselmi, fundi wa vyuma katika karakana ya reli. Kabla ya vita Anselmi alikuwa mtumishi wa mhandisi wa Kijerumani, na yule mhandisi alipoondoka alimwachia mbwa dume wa aina ambayo wenyewe waliiita dakeli: mwili mrefu, miguu mifupi, masikio yaliyoning'inia. Dume lile lilizeekea Gerezani, likazaa na majike ya mtaani, na watoto wake wakawa mchanganyiko wa kila namna. Wengine walikuwa na miguu mirefu na mdomo wa dakeli. Wengine walikuwa mbwa wa kawaida kabisa, ila mioyo yao ilikuwa ya baba yao.

Yule aliyempata Mektilda alirithi umbo la baba karibu lote. Alikuwa mrefu kama benchi, na miguu yake ya mbele ilipinda ndani kama ya mtu aliyebeba mzigo tangu utoto. Kwa mama yake alichukua mkia wa kujikunja na sikio moja la kusimama, jingine lililala. Manyoya yalikuwa mekundu kama udongo wa Kibosho. Mektilda aliposimama kumtazama, kale katoto kalikuwa kamechimba shimo chini ya jiwe la kunolea visu, kamebakiza makalio nje.

"Huyu ni fuko, si mbwa," alisema Mektilda.

Jina likawa hilo.

Anselmi hakumwachia aondoke bila mafunzo. Alikaa naye kwenye kigogo akamweleza kama mtu anayeoza binti. "Mbwa hawa ni wabishi. Utamwita, atakusikia, atafikiri kwanza. Usimpige, ukimpiga atakuwekea moyoni. Atampenda mtu mmoja, wengine atawavumilia tu. Atakula mpaka apasuke, kwa hiyo umpimie. Na mgongo wake, dada yangu, mgongo wake ndio ugonjwa wake. Mrefu mno kwa miguu ile. Ukimbeba, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Usimwache aruke kutoka juu. Nimewazika watatu kwa kuruka."

Humoud alipomwona alirekebisha kofia yake.

"Mektilda, mbwa ndani ya nyumba?"

"Uani, Bwana Humoud. Mlangoni kwangu. Hatavuka ukumbi."

"Kwa ulinzi sawa, dini imeruhusu. Ila mitungi ya maji asiikaribie."

Na kweli Fuko hakuvuka. Alibishana na kila kitu duniani isipokuwa kizingiti cha ukumbi. Kila alipokuwa nyumbani alilala mbele yake, pua imegusa ubao, akimnusa kila apitaye. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake, hata wageni waliobisha hodi walitarajia kukuta mbwa mkubwa kama ndama, kisha wakaangalia chini wakacheka. Sokoni walimwita mbwa anayetembea kwa magoti. Yeye hakujali. Alikaa kwenye kona ya gunia la Mektilda, na mteja akimpigia kelele mama yake, alisimama na kubweka mara moja, basi, kama mtu anayekohoa ili akumbukwe kuwa yupo.

Wakati wa kulala alijiingiza chini ya kanga ya Mektilda mpaka miguuni, akajizungusha, akatulia huko gizani. Alipumua kwa nguvu. Mektilda alikuwa amelala peke yake miaka tisa.

Lugha aliyomsemesha ilikuwa Kichaga. Mwanzoni hakukusudia. Kwa watu wote wa mjini alizungumza Kiswahili, siku nzima, na Kichaga kilikuwa kimebaki cha sala tu na cha hesabu za kimoyomoyo. Kwa mbwa kilimtoka chenyewe. Njoo, kaa, acha, umekula nini tena wewe, yote kwa Kichaga, mpaka Fuko akawa haelewi amri kwa lugha nyingine. Jioni alimsimulia: mfereji wa maji uliopita nyuma ya nyumba ya mama yake, ndizi za aina gani hupikwa na nyama, Aristides alivyokuwa akipiga mluzi kabla hajafika kwenye mgomba wa kwanza ili mke ajue anakuja. Fuko alisikiliza kwa lile sikio lililosimama.

Miaka ikapita hivyo.

Masika ya mwaka 1933 yalikuwa makubwa. Bonde la Msimbazi lilijaa, na panya wakapanda mjini. Ghala la Humoud lilikuwa na magunia ya mpunga na mahindi yaliyopangwa mpaka karibu na paa, na kila asubuhi alikuta matundu na nafaka imemwagika. Aliogopa tauni zaidi ya hasara. Mitego ilinasa wawili watatu. Paka wa Fakhriya alikimbia.

Siku moja Humoud alisimama mbele ya gunia la Mektilda sokoni, mikono nyuma. "Nimesikia mbwa wa namna hii waliumbwa kwa kazi ya mashimo," alisema.

Mektilda alikumbuka maneno ya Anselmi. Alikumbuka pia uji wa Fakhriya. "Awe chini tu," alijibu. "Asipande juu ya magunia."

"Nitasimama hapo mwenyewe."

Siku mbili Fuko alifanya kazi ambayo watu waliisimulia mtaa mzima. Aliingia katikati ya safu za magunia ambako mkono wa mtu haufiki, na kilichosikika ni mkwaruzo, mlio mfupi, kisha akatoka kinyumenyume na panya mdomoni, akamweka mlangoni, akarudi. Hakuwala. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Mektilda hakuwahi kumwona na furaha kama ile.

Siku ya tatu, adhuhuri, panya mmoja mkubwa alikimbilia juu. Magunia yalikuwa yamepunguzwa upande mmoja yakawa kama ngazi, na kabla Humoud hajainua fimbo kumzuia, Fuko alikuwa amekwisha kupanda, gunia baada ya gunia, mpaka la tisa. Panya akapenya chini ya bati akaenda zake. Fuko akabaki juu, anabweka.

Humoud alitoka akamwita Mektilda, ambaye alikuwa anaingia uani kutoka sokoni, beseni kichwani. "Amepanda. Njoo umshushe."

Mektilda alikuwa amechoka na amelowa. Akiwa bado uani, kwa sauti ya hasira, kwa Kichaga, akaita: Fuko, njoo hapa.

Safari hii mbwa hakufikiri kwanza. Aliruka.

Walisikia kishindo na mlio mmoja mwembamba. Mektilda alipofika mlangoni, Fuko alikuwa amesimama. Alijikung'uta, akamjia, akalala miguuni pake. Jioni alikula. Mektilda alimpapasa mgongo wote kwa vidole akajiambia hakuna kitu.

Alfajiri aliamka akasikia kitu kinakwaruza sakafu. Fuko alikuwa anaelekea mlangoni kwa miguu ya mbele tu. Ya nyuma ilimfuata kama kitambaa.

Humoud alipoona, uso wake ulibadilika. Mbwa hakupaswa kubebwa mikononi, mgongo usije ukapinda zaidi. Ilibidi alazwe juu ya ubao, na ubao unataka watu wawili. Humoud aling'oa ubao wa rafu ya dukani mwake. Mektilda akashika mbele, yeye akashika nyuma, wakaenda Gerezani kwa miguu katika mvua, mwenye duka katika kanzu yake na mwuza maharage, watu wakitoka barazani kuwatazama. Njiani Fuko aligeuza kichwa akaanza kumlamba Humoud kidole gumba, polepole. Angeondoa mkono, ubao ungeinama. Humoud hakuondoa. Aliporudi nyumbani aliuosha mkono ule mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa, kisha akakaa barazani bila kufungua duka, akimwambia kila aliyeuliza kwamba kosa ni lake.

Kule Gerezani Anselmi alikuwa ameminya vidole vya miguu ya nyuma kwa kucha, kimoja kimoja, akimtazama mbwa usoni. Fuko hakugeuka. Alimtazama Mektilda tu.

"Vidole havisikii," Anselmi alisema. "Nimeona wawili walioinuka baada ya mwezi. Mtie kwenye kasha dogo asijigeuze. Mkojo umkamue kwa mkono, hivi, asubuhi na jioni. Nyama usimpe nyingi."

Mektilda alifanya yote. Asubuhi alikwenda sokoni na kasha kichwani, akaliweka kivulini nyuma yake. Alimgeuza, akamfuta, akamkamua, akampaka mafuta ya nazi pale ngozi ilipoanza kuchubuka. Fakhriya, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa maishani mwake, alichana shuka kuukuu akampa vipande vya kumlazia. Wiki ya pili Mektilda alidhani mkia umetikisika. Alikimbia kumwita Fakhriya, wakasimama wote wawili juu ya kasha wakingoja, lakini ulikuwa upepo. Fuko alijaribu kuchimba ubao wa kasha kwa miguu ya mbele, mara nyingine kwa saa nzima, mpaka kucha zikatoa damu.

Wiki ya nne vidonda vilioza, naye akaacha kula. Mektilda alimtafunia kipande cha mhogo akamtilia mdomoni. Alikipokea kwa adabu, akakitoa, akakiweka pembeni.

Siku hiyo Mektilda alikwenda kwa Anselmi peke yake. "Mzee, nimekuja kusema hatainuka," alisema, akashindwa kuendelea. Anselmi alielewa. Alimjua msaidizi wa daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi.

Walifanya alasiri, nyuma ya nyumba ya Anselmi. Mektilda aliketi chini, miguu ameinyoosha, akamfunika Fuko kwa kanga kama alivyopenda, kichwa kikiwa ndani. Msaidizi aliingiza pamba yenye dawa chini ya kanga. Mektilda alikuwa anazungumza. Wale wanaume wawili hawakujua Kichaga, hawakujua anasema nini, na baadaye Anselmi alisema ilikuwa ni kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Alizungumza hata baada ya msaidizi kusimama na kufunga chupa. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Humoud alikuja na sepetu akachimba mwenyewe. Walipobaki wawili, Mektilda alisema, "Aliyemwita ni mimi."

"Nilisikia."

"Siku zote hizi unajilaumu mbele za watu. Kwa nini hukusema?"

Humoud alifuta udongo kwenye sepetu. "Ningesema, wewe ungelipeleka wapi neno hilo?"

Hapo Mektilda alilia, kwa mara ya kwanza, na alilia kwa namna iliyomfanya Humoud ageuze uso atazame reli. Alilia mpaka jua likashuka. Baadaye alimwambia Fakhriya kwamba hakujua machozi yale yalikuwa ya nani, kwa kuwa mengine yalikuwa ya zamani sana.

Anselmi alimletea mtoto mwingine wa mbwa, mjukuu wa ukoo uleule, mwenye miguu mirefu kidogo na mgongo wa kutumainiwa. Mektilda alimshika dakika chache, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, kisha akamrudisha. Sokoni aliendelea, lakini alipunguza maneno. Wateja walilalamika kwamba anapima mawazo yakiwa mbali.

Mwaka 1935 alifunga mizigo. Alisema chumba kimekuwa kimya mno, na kwamba angependa kusikia watu wakisema lugha yake kabla hajaisahau. Fakhriya alimshonea nguo mbili na kumsindikiza mpaka mlango wa mbele. Humoud alimpeleka bandarini kupanda meli ya Tanga, ambako angechukua treni ya Moshi.

Barua ilifika baada ya miezi mitano, imeandikwa na katekista. Ilisema amefika salama, shemeji amemkatia kipande cha kihamba karibu na mfereji, kahawa imeshambuliwa na wadudu, na misa ya Aristides hatimaye imesomwa, kama misa ya marehemu. Iliwasalimu wote wa nyumbani, kwa majina.

Humoud aliisoma kwa sauti barazani, akairudia.

"Mbwa hakumtaja?" Fakhriya aliuliza kutoka ndani.

"Hakumtaja."

Fakhriya akasema wamjibu kesho, wamweleze kwamba chumba bado hakijapangishwa.