Mapatano ya Kipande cha Mkate

Jirani yetu hapa Guangzhou ni Myahudi. Hununua nguo soko la jumla la Shahe na kuzipeleka kwao, kama mimi ninavyozipeleka kwetu Mwanza, na huwa tunaongea Kichina chetu cha sokoni. Pasaka yao ilipofika akatualika, mimi na binti yangu wa miaka sita.

Kwao siku hiyo watoto hawafukuzwi mezani. Wao huiba kipande cha mkate usiotiwa chachu wakakificha, na chakula hakimaliziki mpaka baba akikomboe kwa zawadi. Watoto wa jirani wakamchagua binti yangu awasemee, maana amekulia kwenye bei za Shahe.

Jirani akataja mwanasesere. "Bu xing," akajibu binti, lile "haiwezekani" la wauzaji. Baiskeli? "Bu xing." Mimi hasira zikanipanda, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mtoto gani huyu asiye na haya ugenini?

"Mwache," jirani akaniambia huku akicheka. "Haya mwanangu, unataka nini?"

"Mwakani tuje tena."

Akakubali. Kipande kikatolewa chini ya mto wa kochi, tukala wote.

Mwishoni waliimba kwa Kiebrania, na mkewe akatutafsiria: mwakani Yerusalemu. Binti yangu akaruka kitini, akamnyooshea kidole baba wa watu.

"Tulikubaliana hapa!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini jirani alimwomba radhi kabisa, kama mtu mzima mwenzake, halafu akauanza wimbo upya, na nyumba nzima ikaitikia: mwakani hapa. Nashukuru mpaka leo.