Kombinezo Yangu ya Milimita Tatu

Nilikuwa mchoraji katika karakana moja ya pampu mjini Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kunakili michoro ya mabomba kwa wino mweusi, na niliifanya kwa woga. Nikikosea mstari mmoja, sikuukwangua kwa wembe kama wenzangu. Nilianza karatasi upya. Sikusomea uchoraji popote. Niliupata katika vitabu vya Kifaransa vilivyoachwa kabatini, na aliyejifundisha peke yake huishi akingoja siku atakayoulizwa jambo ambalo kila aliyepita shule analijua. Kwa hiyo na mimi sikumuuliza mtu kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyonipata yalitoka hapo.

Karakana ilikuwa na pampu bandarini Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, na vichujio vyake vilikuwa vikiziba chini ya maji. Mbelgiji mmoja ndiye aliyejua kuzamia kwa chupa ya hewa, na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Wakubwa wakataka mwananchi wa kumrithi. Mmoja tu. Tulijiandikisha wawili: mimi, na fundi umeme mmoja, mtoto wa watu wa reli kutoka kaskazini, mwenye kifua kama pipa na kicheko kilichosikika hadi barabarani. Atakayefaulu mtihani angekwenda ziwani wiki tatu, kisha angekuwa mzamiaji wa karakana. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilimwambia mama kabla mtihani haujapangwa, na mama akawaambia majirani kwamba mwanawe anakwenda Kalemie kutembea chini ya ziwa.

Mbelgiji alitufundisha kwenye bwawa la kuogelea kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Siku moja alituletea kombinezo, lile vazi la mpira linaloshika mwili ili mzamiaji asishikwe na baridi. Ilikuwa ya zamani, yenye viraka viwili magotini. Akanitazama mabega, akaninyooshea, akiniita "mwananchi" kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa siku hizo.

"Iko yako hii, citoyen. Jaribu."

Sikujaribu. Baba yangu alivaa makoti ya mabwana zake hadi akafa, mikono ya koti ikiwa imekunjwa mara mbili, na nilikuwa nimeapa kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa na mzungu haitapanda mwilini mwangu. Karakana ilikuwa tayari kuagiza moja mpya kutoka Ulaya. Nikasema naitaka hiyo mpya.

"Leta apa!" akasema fundi umeme. "Mi nitakuwa chini ya maji. Ni samaki njo batanicheka?"

Akaivuta mpaka kifuani, ikakwama, akaivuta tena. Ilipofungwa alikuwa ametoka macho.

"Unapumua?" Mbelgiji akamuuliza.

"Napumua na masikio, Monsieur."

Nilicheka pamoja nao. Moyoni nilimhurumia, na huruma ile naionea aibu hadi leo.

Wiki tatu nilishughulika na unene wa mpira. Katalogi ilikuwa na milimita tatu, tano na saba. Kitabu changu kilisema kwa maji ya joto tatu zinatosha, lakini sikulala kwa kuwaza: na kama kitabu kilikuwa na bahari nyingine akilini? Sikuthubutu kumuuliza Mbelgiji. Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja muuza samaki aliyezaliwa kando ya ziwa, nikamuuliza kama mtu anayetania, je, maji ya kwao yana baridi?

"Baridi gani? Muchana iko sawa na maji ya kuogesha mutoto. Unanunua ao unakuja kuniuliza maji?"

Nikanunua. Milimita tatu, basi. Kisha rangi, kisha mishono, kisha fermeture, yaani zipu, ya mbele au ya nyuma. Nilichora jedwali, nikalifuta, nikalichora tena. Vipimo vya mwili niliviacha mwisho, kwa kuwa nilidhani ndilo jambo rahisi.

Kwa vipimo nilikwenda kwa fundi cherehani wangu, mtu wa Maniema, Mwislamu, mwenye chumba chake katika mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya. Ndiye aliyenishonea abacost yangu, lile koti la kuvaliwa bila tai, na nusu ya makarani wa mjini walivaa kutoka mikononi mwake. Alinipima juu ya shati, kama kawaida, na kila mahali aliingiza vidole viwili kati ya utepe na mwili.

"Fundi, hii inafaa kubana," nikasema.

"Kubana? Nguo ya kubana ni ya muntu mwenye kitambaa kilimupungukia. Unataka baseme nilikuibia kitambaa?"

"Iko ya kuingia nayo ndani ya maji."

Akasimama, akanitazama kwa masikitiko. "Ya maji! Na hausemi? Kila nguo ikipita mu maji inakazana. Tutie bidole bitatu."

Kitabuni nilikuwa nimepigia mstari maneno yasemayo vazi likae kama ngozi ya pili. Niliyakumbuka pale pale, utepe ukiwa kifuani. Lakini fundi alikuwa amevalisha watu miaka thelathini, na kila suruali niliyowahi kuwa nayo ilirudi fupi baada ya kufuliwa. Mpira nilikuwa sijaufua. Nikaviandika vipimo vyake kwenye fomu kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Mbelgiji aliipokea, akasita kwenye mstari wa kifua.

"Una hakika?"

"Hakika, Monsieur."

Ningeweza kusema hapana. Nafasi ilikuwa pale, mezani kwake, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Sanduku lilifika mwezi wa sita. Nyumbani niliivaa mbele ya mama. Akanizunguka, akasema, "Unapendeza. Inakuachia kupumua." Niliona mikunjo kiunoni na makwapani. Nikajiambia itakazana majini.

Mtihani ulifanyiwa katika shimo la zamani la kuchimbia mawe, nje ya mji, lililojaa maji. Asubuhi za mwezi ule nyasi za kwetu huwa nyeupe kwa baridi. Tulitakiwa kukaa robo saa kwenye mita nane, kuvua miwani na kuivaa tena. Nilipozama tu, maji yaliingia shingoni, yakateremka mgongoni, yakajaa hadi miguuni. Kila nilipoinua mkono, yaliyokwisha kupata joto la mwili yalitoka na mengine ya baridi yakaingia. Meno yalianza kugongana mpaka nikashindwa kushika mdomoni kipande cha kupumulia. Kando yangu fundi umeme alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, ametulia kabisa ndani ya viraka vyake. Nilipanda juu kabla ya nusu ya muda.

Mbelgiji alishika mpira kiunoni mwangu, ukajaa kiganja chake.

"Nani alikupimia?"

"Fundi wa Kenya," nikasema haraka, nikimtupia lawama mtu ambaye hajawahi kuona hata bwawa la kuogelea.

"Na weye ulikuwa wapi?"

Akaandika jina la mwenzangu. Kisha akamwambia aijaribu kombinezo yangu, kwa sababu ilikuwa mali ya karakana na mimi nilikuwa nimemaliza nayo. Urefu wetu ulikuwa mmoja. Ilimkaa kifuani bila kukunjamana popote.

"Yaya!" akanipigia kelele, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, akijigonga kifua. "Kumbe ulienda kunipimia miye!"

Wote wakacheka. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile nilitakiwa kuandika hati ya kumkabidhi kombinezo. Niliiharibu karatasi ya kwanza, nikaanza nyingine.

Nyumbani nilisema safari imefutwa, hakuna ndege. Mama akapita kwa majirani kuwaeleza habari ya ndege. Kwa wiki tatu nilitoka kazini kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu wa kuniuliza lolote.

Aliporudi, fundi umeme alikuja kwetu bila kualikwa, na furushi la samaki wakavu. "Mama, hii ni ya kwenu, ya kutoka Kalemie. Yaya angeenda, angefurahi sana kule." Akakaa, akanywa maji, akasimulia vichujio, mawe meupe, samaki wa mistari wanaokuja kutazama miwani. Mama alimsikiliza hadi mwisho na kumshukuru. Hakunitazama.

Mgeni alipoondoka alipika samaki wale, akaniwekea sahani.

"Kula. Iko samaki ya safari yenye haikufanyika."

Kisha akajaza sahani nyingine na kwenda nayo kwa jirani. Mama hakosi misa, na sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata wa kumfukuza mtu anayekuja kuomba. Nilikuwa uani, ukuta ni wa matofali mabichi na haufichi sauti. Nilimsikia akimweleza jirani kwamba ndege ilikuwepo kweli, ila siku ile mtoto wake alikuwa na homa kali, hakuweza hata kusimama.